Mistari Mitano Begani

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Lodwar iliamka na upepo wa vumbi kutoka upande wa mto, anga jeupe kama majivu, na saa moja asubuhi mabati ya nyumba yalikuwa tayari yameanza kupata moto.

Nilisali mara mbili kabla ya kutoka. Mara ya kwanza niliomba ulinzi wa safari ya kwenda Kakuma. Mara ya pili niliomba subira na Wasike, mkuu wangu wa kazi. Safari Mungu aliilinda. Ombi la pili nililirudia njiani kila baada ya daraja.

Wasike ni afisa wa uhamiaji wa miaka mingi, na miaka hiyo yote ameitumia kutafuta kivuli. Muhuri wa serikali huutia katika mfuko wa shati, pamoja na njugu, na akitaka kuugonga huupuliza kwanza maganda. Tulipofika kwenye kiwanja cha ndege cha Kakuma aliegesha gari chini ya mti pekee uliokuwa na majani, akawasha kipoza hewa, akalaza kiti.

"Rael dada," akaniambia, "ndege ikija, wewe nenda uwaone. Mimi nitagonga."

"Utagonga bila kuwaona?"

"Wewe ndiye macho. Mimi ni mkono."

Mkono wenye njugu. Nikashuka.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Ndege ikitua kutoka nchi nyingine, rubani hutoa karatasi yenye majina ya wote wanaofanya kazi ndani yake. Hao hawaombi viza. Sheria inawahesabu kuwa wapo hapa kwa sababu ndege ipo hapa. Ndege ikiondoka, ruhusa yao imekwisha. Basi afisa humtazama kila mmoja usoni, hulinganisha jina, pasipoti na kitambulisho cha kazi, na ndege inapoondoka huwatazama tena wale wale. Huangalia watu, haangalii idadi. Somo hili nililisoma nikiwa na miaka arobaini na sita, kwa hiyo bado ninalikumbuka. Wasike alilisoma akiwa na ishirini na nne.

Ndege ilitua saa tatu na nusu kutoka Juba. Ilikuwa ndege ya mizigo, kuukuu, rangi imebambuka tumboni. Aregae, askari anayelinda kiwanja, alifukuza mbuzi watano kutoka njia ya kutua ndege na kunisalimu, "Ejok, mama," kisha akaenda kusimama kwenye kivuli cha bawa.

Walikuwa watatu. Kwanza Kapteni Jessica, mwanamke wa Nairobi aliyevaa miwani myeusi, mistari minne ya dhahabu begani, na aliyenipa karatasi yake kwa vidole viwili kama mtu anayetupa kitambaa cha kujifutia mafua. Pili rubani msaidizi, bwana mnene mwenye mistari mitatu, ambaye hakushuka. Nilimkagua akiwa amekaa kitini pake na alisinzia kabla sijamrudishia pasipoti. Wa tatu alikuwa Chuol, msimamizi wa mizigo. Yeye hakuwa na mistari yoyote. Alikuwa na fulana, glavu zilizochanika, na viganja vyenye alama za mikanda.

"Chuol Lam," nilisoma. "Umewahi kuishi Kenya?"

"Hapa hapa, sista. Kakuma miaka kumi na tano. Shule hapa, ubatizo hapa. Halafu nikarudisha kadi ya ukimbizi, nikaenda nyumbani, nikapata kazi hii."

"Uliirudisha mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Nilipiga hata picha." Akacheka. "Mama aliniambia, mtu hawezi kukalia viti viwili."

Nikampa ruhusa ya wafanyakazi wa ndege, mpaka ndege itakapoondoka siku ile ile. Akaikunja mara nne na kuitia ndani ya glavu.

Upakiaji ulianza. Ndege ilikuwa inarudi Juba na vitanda vya hospitali, magodoro na maboksi ya dawa. Wapakiaji ni wakimbizi wa kambini, wanaume saba na mwanamke mmoja, Nyabol, ambaye ndiye mkubwa wao. Nyabol ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilikaa juu ya ndoo nikawatazama. Chuol alipanda na kushuka, akavuta mikanda ya kufungia mzigo, akakaza, akafungua palipokuwa pamelegea, akakaza tena. Kapteni Jessica alikuwa ndani ya ofisi ndogo ya kiwanja akizungumza kwenye simu, na kila mara niliposikia sauti yake ilikuwa ikisema, "Ndiyo bosi. Nimeelewa bosi."

Saa sita kasoro aliniletea orodha ya kuondoka. Nilianza kuisoma kwa heshima, kwa kuwa sikuwa nimejua bado yaliyomo. Kapteni Jessica. Rubani msaidizi. Msimamizi wa mizigo: Lony Bichiok.

"Huyu Lony ni nani?"

"Mfanyakazi wetu," akasema Kapteni. "Anakuja."

Akaja. Mungu anisamehe, nimejaribu kulisimulia jambo hili bila kucheka na sijaweza. Alikuwa mtu mzima wa kimo kirefu, tumbo la mwenye duka, viatu vyenye ncha vilivyopigwa rangi, na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakauka kama karatasi. Na juu ya kila bega alikuwa na mistari ya dhahabu. Niliihesabu. Nikaihesabu tena, nikidhani jua limeniingia machoni. Ilikuwa mitano.

Kapteni wa ndege ana minne. Huyu, aliyesemwa kuwa mfunga mikanda, alikuwa na mitano.

"Wewe ni nani katika ndege hii?" nikamwuliza.

"Kru," akasema, yaani mfanyakazi wa ndege, na akainua kidevu.

"Mkubwa wa Kapteni?"

Akamtazama Kapteni Jessica. Kapteni Jessica akatazama mbuzi.

Nyuma yangu Nyabol alikuwa ameketi juu ya godoro lililobaki, na hakuwahi kujifunza kunong'ona. "Hiyo shati naijua! Imeshonwa na fundi Mkongo wa sokoni, jana. Fundi alimwuliza, bosi, unataka mistari ngapi? Yeye akasema, weka mingi."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Lony hakugeuka. Nilikuwa nimeshasikia habari za mtu huyu: ana maduka mawili ya mtama na sabuni pale sokoni, na ni shemeji wa mwenye ndege kule Juba. Alijifuta jasho kwa leso ya hariri, akaninyooshea pasipoti yake ikiwa imefungwa, kidole gumba juu yake, kama mtu anayekuonyesha mfuniko wa sufuria na kutarajia ushibe kwa harufu.

Nikaivuta kutoka chini ya kidole gumba. Muhuri wa kuingia ulikuwa wa Agosti mwaka uliopita, siku tisini. Siku tisini zilikwisha Novemba. Sasa ni Machi. Hapo nikaelewa shati. Mtu akitoka kama msafiri wa kawaida, ataulizwa miezi hiyo minne alikuwa nani. Akitoka kama mfanyakazi wa ndege, yule mwenye muhuri huangalia orodha tu, hafungui kurasa. Lony alikuwa anamjua Wasike vizuri kuliko nilivyodhani.

"Na Chuol yuko wapi?" nikamwuliza Kapteni.

"Anaumwa tumbo. Atafuata wiki ijayo."

"Atafuata kwa ndege gani? Ruhusa yake inakwisha magurudumu yenu yakiondoka chini."

"Mama, mimi naendesha ndege. Makaratasi ni yenu."

Nikaenda kwa Wasike, nikagonga kioo. Alikishusha kidogo tu, ili ubaridi wake usitoke. Nikamweleza yote: mtu aliyeletwa siye anayetolewa, na anayetolewa amezidisha muda. Akatafuna, akameza.

"Asubuhi waliingia wangapi?"

"Watatu."

"Wanatoka wangapi?"

"Watatu, lakini..."

"Hesabu ni sawa, dada. Unatafuta nini tena?"

"Mzee, hata Aregae akihesabu mbuzi huangalia rangi."

"Basi nenda ukamwone huyo mgonjwa, kisha ulete karatasi. Jua linachoma." Kioo kikapanda.

Nilimkuta Chuol nyuma ya mapipa ya mafuta, amekaa chini, glavu magotini, mahali ambapo mtu aliye njiani kwenda kwenye ndege hawezi kumwona. Hakuwa na dalili ya ugonjwa. Alikuwa anakula ndizi.

"Nasikia unaumwa."

"Nimeambiwa niumwe."

"Nini?"

"Tumbo."

"Linakuuma?"

"Bado, sista."

Sikucheka, kwa sababu macho yake hayakucheka. Nikachuchumaa karibu naye. Nikamwuliza kama anajua kitakachompata ndege ikiondoka. Alijua kuliko mimi. Kambini hana kadi. Aliirudisha kwa mkono wake. Kenya hana viza. Juba hana kazi, kwa kuwa msimamizi wa mizigo aliyeachwa na ndege yake haajiriwi tena. Watu husema alikuwa mlevi au mwizi. Polisi wa barabarani wakimpata kabla ya wiki ijayo, atalala mahabusu Lodwar, na wiki ijayo yenyewe ni maneno tu.

"Kwa nini umekubali?"

"Kapteni amesema bosi amesema. Nikipiga kelele, nafukuzwa. Nikinyamaza, labda nafukuzwa polepole." Akakunja ganda la ndizi. "Nimeshafunga mzigo wote, sista. Ilibaki kuita tu."

Sikuelewa alichomaanisha kwa kuita. Nilimwambia akae pale pale. Niliinuka na nikasali nikitembea, maneno machache: Bwana, mimi sina muhuri. Mwenye muhuri amelala. Tafuta njia, na kama njia ni mimi, nionyeshe haraka.

Niliporudi, mwenye muhuri alikuwa ameamka. Kumbe Lony alikuwa amemfuata mwenyewe hadi kwenye gari na nakala ya orodha, na Wasike, ili asikae nje zaidi ya dakika moja, alikuwa ameiweka juu ya boneti, akapuliza maganda, akagonga. Pasipoti ya Lony ilikuwa bado mkononi mwangu. Hakuwa ameihitaji hata kidogo.

"Imekwisha," akaniambia. "Kila mtu aende zake."

Lony alinipita akielekea kwenye ndege, akanyoosha mkono apewe pasipoti yake, na nilipokataa kuiachia akatabasamu. "Mama, usijichoshe. Kazi yako ni ndogo. Ifanye ndogo."

Alipanda ngazi. Kapteni akapanda. Rubani msaidizi, nadhani, alikuwa hajaamka. Aregae akafukuza tena mbuzi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kabari mbili za mbao chini ya magurudumu, na kabari hizo huondolewa na wapakiaji.

Wapakiaji hawakuinuka. Walikuwa wameketi chini ya bawa, miguu imenyooshwa, kama watu wanaosubiri uji.

Kapteni akafungua kidirisha. "Ondoeni kabari!"

"Bado hatujasikia," akajibu Nyabol.

"Hamjasikia nini?"

"Tamam."

Hapo ndipo nilipojua kuita ni nini. Wapakiaji wa Kakuma wana desturi yao, na hakuna karatasi iliyoiandika. Mzigo uliwahi kuteleza ndege ikiwa inapanda, na mtu wa kwao aliyekuwa ndani akabanwa akafa. Tangu hapo hawaondoi kabari mpaka aliyefunga mzigo asimame mlangoni, aite idadi ya mikanda aliyoikaza, halafu aseme kwa Kiarabu cha Juba, tamam, kwamba ni salama. Huitwa kwa sauti, kila mtu asikie. Mikanda hubadilika kila safari, kwa hiyo idadi anaijua aliyefunga peke yake, na Nyabol, ambaye huihesabu kutoka chini akiwa amenyamaza.

"Ita basi!" Kapteni akamwambia Lony kwa ukali.

Lony akatokea mlangoni. Jua liliipiga ile mistari mitano ikameta kama mabati mapya. Akaweka mikono kiunoni. "Tamam!" akasema.

"Mikanda ngapi?" akauliza Nyabol.

"Nini?"

"Mikanda, bosi. Umekaza ngapi?"

Akageuka kutazama ndani. Kulikuwa na giza kule, na magodoro hadi darini. "Kumi," akasema.

"Kumi!" Wapakiaji wakajipiga mapaja. Mmoja akalala chali.

"Kumi na mbili."

"Ongeza, bosi, ongeza! Wewe si ni mtu wa kuweka mingi?"

"Ishirini!"

"Punguza! Hii sio duka yako, hatupatani bei!"

Hata Aregae, ambaye sijawahi kuona meno yake, alikuwa ameegemea bunduki akitikisika. Lony akaanza kupiga kelele kwamba yeye ni mtu mkubwa, kwamba ana namba za watu Nairobi, kwamba wakimbizi hawawezi kumzuia. Jasho lilikuwa limeipenya gundi, na mstari mmoja wa bega la kushoto ukabanduka, ukaning'inia kama ulimi wa mbuzi. Kumbe fundi Mkongo hakushona. Alibandika.

Kelele zilimtoa Wasike ndani ya gari. Alikuja akitembea upesi, jambo ambalo halijaonekana Turkana kwa miaka kadhaa. Sikungoja aniulize. Nilifungua pasipoti ya Lony kwenye ukurasa wa muhuri, nikaiinua mbele ya macho yake, mbele ya watu wote, nikasoma tarehe kwa sauti.

"Agosti. Siku tisini. Mzee, umemtoa mtu aliyezidisha muda miezi minne, kwa cheo ambacho hakipo katika ndege yoyote duniani. Muhuri ni wako. Mimi nilikuwa macho tu."

Alisoma. Akasoma tena. Akamtazama Lony mlangoni, na ule mstari unaoning'inia, na nikaona aibu ikimpanda kutoka kwenye kola, taratibu, kama maji kwenye kitambaa. Sitasema alitubu. Alihofia pensheni yake. Lakini hofu nayo Mungu huitumia pale dhamiri inapokuwa likizo.

"Lete kalamu," akasema.

Akakata orodha kwa mstari mmoja, akaandika BATILI juu ya muhuri wake mwenyewe, akatia sahihi. Kisha akamwita Lony ashuke. Lony alishuka ngazi ile ile, lakini sasa ilionekana ndefu. Wasike alimwonyesha kiti cha nyuma cha gari. Wangekwenda naye Lodwar akaeleze ofisini ile miezi minne. Alipopita karibu na Nyabol, Nyabol alisimama na kumpigia saluti.

Nikaenda nyuma ya mapipa. "Inuka. Umepona."

Chuol alikuja nyuma yangu, lakini chini ya ngazi akasimama. Kapteni Jessica alikuwa ameshuka na karatasi mpya, jina la Chuol limeandikwa tena kwa haraka, akiniharakisha kwa mkono. Chuol hakupanda.

"Nikifika Juba watanifukuza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo nitatoka. Kesho jina langu halipo. Itakuwa ni mimi niliyemwaibisha shemeji."

Alisema kweli. Nilikuwa na uwezo wa kumtoa Kenya. Sikuwa na uwezo wa kumweka kazini. Nilimtazama yule mwanamke wa miwani myeusi, aliyemwambia mtu mzima augue tumbo naye akamtii, na dharau ilinijaa mdomoni kama mchanga. Nilimeza kwanza. Niliomba nisiseme zaidi ya kinachohitajika.

"Kapteni, vua miwani."

"Samahani?"

"Ukaguzi ni uso kwa uso. Vua."

Akavua. Alikuwa na macho ya kawaida, yaliyochoka.

"Karatasi yako ya kwanza ilisema kweli, ya pili ikasema uongo. Hii ya tatu siwezi kuipima kwa kusoma. Nani alimwambia Chuol aumwe?"

Wapakiaji walikuwa wamesogea, pamoja na Aregae. Wasike alikuwa amesimama kando ya boneti, muhuri mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuugonga kabla ya kuambiwa.

"Mimi," akasema Kapteni.

"Nani huandika majina katika orodha? Nani huamua wafanyakazi wa ndege hii?"

"Mimi. Bosi hupendekeza. Mimi ndiye ninayetia sahihi."

"Basi sema utakachofanya. Usinong'one. Hawa ndio wanaoondoa kabari zako, leo na kila unapokuja."

"Sema, Kapteni mama," akaongezea Nyabol. "Sisi hatujui kusoma karatasi yenu, lakini masikio iko."

Kapteni Jessica aliikunja miwani yake. Alimtazama Chuol, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akawageukia wapakiaji, askari na sisi maafisa wawili, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye gari alikokuwa Lony:

"Mimi, Jessica, kapteni wa ndege hii, naahidi mbele yenu. Chuol Lam anaondoka nami leo, na Jumanne ijayo anarudi nami hapa akiwa msimamizi wa mizigo. Mkiniona nimekuja bila yeye, msiguse hata boksi moja."